Majani ya Mkunazi, Dirisha Namba Nne

Saa kumi na mbili kila asubuhi king'ora cha kiwanda hulia, na nchi nzima huinamisha kichwa. Hatuinamishi kwa huzuni. Tunainamisha ili kuosha nywele. Kila nyumba hutoa mabeseni yake uani, kila mtu humimina kifuniko kimoja cha Mng'aro, shampuu ya taifa, halafu husugua mpaka povu lifike masikioni. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Mshangama, hupita na rula ya mbao aliyokabidhiwa na wizara. Hupima povu la kila kichwa, huandika kwenye daftari, hututakia siku njema, kisha huenda nyumba inayofuata. Povu likipungua unarudia. Likizidi unapewa mkono.

Asubuhi moja alikuwa ameshapima la kwangu na ndiyo kwanza anaisogeza rula kwenye sikio la mama, msuko mmoja ukang'oka kichwani kwa mama na kutumbukia kwenye beseni. Haukukatika. Uling'oka wote, na ngozi kidogo kwenye shina lake, ukaelea juu ya povu ukiwa bado umesukwa vizuri.

Mzee Mshangama akatazama beseni, akatazama rula, akafungua daftari ukurasa wa nyuma. Katika nchi yetu nywele hazing'oki. Waraka wa wizara ulishafafanua kwamba nywele zinazoondoka kichwani huwa zimestaafu kwa heshima baada ya utumishi wa muda mrefu. Akaandika: msuko mmoja, umestaafu. Kisha akampongeza mama, na mama, huku maji yenye damu yakimtiririka shingoni, akasema asante. Mama yangu hajawahi kuacha pongezi ipite bila asante.

*

Mama yangu, Bi Arafa, ni msusi. Kwa miaka thelathini vichwa vya mtaa mzima vimepita katikati ya magoti yake, barazani kwetu, na kama kuna mtu aliyejua hali ya vichwa vya nchi hii kabla ya wizara kujua, basi ni yeye. Mteja alikaa, mama akamfungua mtandio, akakikagua kichwa kwanza. Halafu akamwambia kwa upole kwamba ngozi yake imechoka kidogo. Mteja akajibu kwamba ni jua. Wateja wote walisema ni jua, na wale waliofanya kazi maofisini walisema ni kivuli.

Hakuna aliyeitaja Mng'aro, kwa sababu Mng'aro ni ya taifa. Kiwanda chake zamani kilitengeneza sabuni ya kuoshea malori ya jeshi. Malori yalipokwisha, sabuni ilibaki nyingi, na hapo ndipo serikali yetu sikivu ilipogundua kwamba wananchi wana nywele.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Usafi wa Vichwa. Ilipiga marufuku michanganyiko yote ya nyumbani isiyo na lebo. Mishubiri iliyokuwa kwenye makopo madirishani ilikusanywa na kuwekwa nyuma ya wizara, ndani ya waya. Hina ikaruhusiwa mikononi na miguuni lakini isivuke shingo. Parachichi likaruhusiwa kuliwa tu, tena mbele ya watu. Na mtu yeyote akikutwa bafuni akiwa na nazi, mbuzi ya kukunia na nia, adhabu yake ni miezi sita.

Walisalimika marehemu peke yao. Tangu zamani kwetu maiti huoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi, na wizara ilijaribu kulibadilisha hilo pia. Marehemu wa kwanza kuoshwa kwa Mng'aro alikuwa katibu tarafa mmoja. Waoshaji walitoka nje wakikohoa na kufuta machozi, wakasema hawarudi mle ndani hata wakifungwa. Wazee wakaandamana hadi kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akakumbuka kwamba na yeye atakufa siku moja, na sheria ikaongezewa kifungu. Mikunazi yote ikahesabiwa na kuwekewa walinzi, na majani yake yakawa yanatolewa kwa kibali, kifurushi kimoja kwa kila marehemu, Dirisha Namba Nne, Ofisi ya Kata.

Ndiyo maana katika nchi yetu wafu wana nywele nzuri kuliko walio hai. Nimewahi kuwaona wanawake wakiaga maiti, mmoja mmoja, na kila mmoja alichelewa kidogo alipofika upande wa kichwani.

*

Siku ya tatu baada ya msuko kustaafu, kichwa cha mama kilikuwa na vidonda vya ukubwa wa sarafu. Nikampeleka zahanati. Dawa iliyokuwepo ya vidonda vya kichwani ilikuwa Mng'aro Tiba, ambayo ni Mng'aro ileile kwenye chupa ndogo yenye picha ya muuguzi anayetabasamu.

Muuguzi aliyekuwepo, Sista Nyamizi, hakutabasamu. Alifunga mlango, akaviosha vidonda kwa maji ya chumvi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sumu imeanza kuingia kwenye damu. Vidonda vikiachwa vikauke, mama atapona. Vikiguswa tena na shampuu, hatamaliza mwezi. Halafu akafungua mlango na kutangaza, watu wote wa kwenye benchi wakisikia, kwamba Bi Arafa aendelee na dozi asubuhi na jioni.

Lakini king'ora hakijui dozi. Kesho yake kililia kama kawaida, nami nikamfunga mama mfuko wa nailoni kichwani, nikachota povu la kwenye nywele zangu na kulipaka juu ya mfuko mpaka masikioni. Mzee Mshangama akapima, akaandika. Siku ya pili, rula ilipogusa, mfuko ulitoa sauti. Mzee Mshangama alisimama pale muda mrefu, rula ikiwa bado sikioni mwa mama. Si mtu mbaya; mkewe pia anasukwa kwetu, au alikuwa anasukwa, kabla hajawa mtu wa kuvaa kilemba tu. Mwishowe alisema kwamba keshokutwa atakuja na mkaguzi wa kata, na akasema hivyo akiwa anatazama ukuta.

Mama hakulalamika. Alisema tu, wakati namfungua ule mfuko, kwamba bibi yake alikuwa akiosha vichwa vyao kwa majani ya mkunazi. Yalitwangwa, yakachekechwa, yakavurugwa na maji ya uvuguvugu mpaka yakawa na utelezi, na kidonda chochote cha kichwani kilikauka ndani ya wiki. Aliyasema kama mtu anayekumbuka harufu ya nyumba waliyohama.

*

Kesho yake, njia nzima mpaka Ofisi ya Kata nilikuwa narudia maneno niliyoyapanga. Nilitaka kusema kwamba naomba majani kwa ajili ya mama yangu, ni mgonjwa, najua sheria hairuhusu, lakini naomba nihurumiwe. Nilipanga kuyasema polepole na kwa sauti ndogo, kwa kuwa nyuma yangu kungekuwa na watu.

Kwenye Dirisha Namba Nne alikaa Bwana Dachi, karani mwenye sifa ya upole kata nzima. Aliinua uso na kuniuliza nina shida gani. Nikamwambia naomba majani ya mkunazi.

"Ya nani?"

"Ya mama."

Bwana Dachi akaweka kalamu chini. Akavua miwani yake, akaikunja. "Pole sana, mwanangu," akasema.

Nikafungua mdomo. Kabla maneno hayajatoka, mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu alinikumbatia na kuanza kulia, akisema mama yake naye alimfuata baba yake mwaka jana tu. Mzee aliyekuwa nyuma yake akavua kofia. Foleni nzima ikasema pole, kutoka mbele mpaka mlangoni, na mtu mmoja ambaye sikumwona akaniwekea mkononi chane ya ndizi aliyoinunua kwa ajili ya nyumbani kwake. Sikujua namna ya kumrudishia mtu pole yake. Nikasema asante.

Bwana Dachi akajaza fomu mwenyewe ili asinisumbue. Aliniuliza jina, nikamtajia. Aliniuliza amefariki lini, nikanyamaza, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwenye huruma, akaandika leo. Kwenye sababu ya kifo akaandika uzee. Mama ana miaka hamsini na miwili. Akagonga mhuri mara nne: nakala ya kijani ya mjumbe, ya njano ya makaburi, ya waridi ya wizara, na nyeupe yangu. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu chuoni kwa miaka miwili, kwa hiyo niliposikia mhuri wa nne nilielewa vizuri kilichotokea. Kitu chenye nakala tatu serikalini hakifutiki.

Kisha akanipa kifurushi. Kilikuwa chepesi sana.

*

Nakala hutembea kuliko watu. Nilipofika nyumbani turubai lilikuwa linasimamishwa uani, masufuria makubwa ya msiba yameshafika, na mama yangu alikuwa ameshika nguzo moja ya turubai huku akiwaelekeza vijana wavute kamba ya upande wa pili.

Alikuwa akiuliza nani amefariki. Wanawake waliokuwa wakitandika mikeka wakainamisha nyuso. Mzee Mshangama alikuwa na nakala ya kijani mkononi. Akamtazama mama, akaitazama karatasi, akamtazama mama tena. Alimpa pole. Mama akaipokea na kuuliza tena, nani? Mzee Mshangama akajibu kwamba jina limo kwenye karatasi, lakini yeye hana mamlaka ya kulisoma kabla ya wafiwa kuarifiwa rasmi.

Kwa vile hakuambiwa, mama akaona amsaidie mfiwa yeyote yule. Alivuta ungo akaanza kuchambua mchele.

Nikamwita ndani, akaingia na ungo wake. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti mbele yake, na kifurushi kiko kati yetu sakafuni. Mama akawa anauzungusha mchele kwenye ungo. Nilidhani atalia au atanipiga, na ningefurahi kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Sasa wale watu wa nje," akasema mwishowe, "wamekula?"

*

Alasiri alikuja Bi Tabu, mwosha maiti mwenye leseni, na ndoo yake na ubao wake. Akaingia chumbani, akauliza marehemu yuko wapi. Mama akanyoosha kidole juu, kama mwanafunzi.

Bi Tabu ameosha maiti kwa miaka arobaini, na hapo kabla hakuwahi kujibiwa. Akarudi mlangoni, akaufunga kwa komeo. Akamfungua mama mtandio, akavitazama vidonda kimoja baada ya kingine, kisha akajifungua na yeye kanga yake ya kichwani, labda kwa ajili ya joto, labda ili tuone. Hakukuwa na unywele hata mmoja.

"Mimi kazi yangu kuosha," akasema. "Hali ya anayeoshwa ni kazi ya wengine."

Akayatwanga majani, akayachekecha kwa kitambaa cheupe, akayavuruga na maji ya uvuguvugu mpaka yakawa kijani na mazito. Akamlaza mama kichwa ukingoni mwa ubao. Povu lilikuwa dogo sana, la kuonekana kwa kuinamia, wala rula isingeliona. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, amekaza taya kama anavyokaza kila asubuhi. Maji yalipogusa kidonda cha kwanza alisubiri. Yalipogusa cha pili, taya lililegea. Alianza kulia polepole, macho yamefumbwa, na Bi Tabu akawa anampangusa machozi pamoja na maji, kwa kitambaa kilekile.

Mwisho akampaka mafuta ya nazi kutoka kwenye kichupa alichokiandika kwa wino mweusi: ya marehemu tu.

*

Kifo kilimfaa mama. Kuanzia kesho yake jina lake lilikuwa limekatwa kwenye daftari la povu. King'ora kilipolia, sisi tuliinama, naye alikaa barazani na chai yake. Mzee Mshangama alipita karibu yake ameinamisha macho, kwa heshima ya wafu, na mkaguzi wa kata aliyekuja naye aliandika kwamba nyumba yetu ina kichwa kimoja na kimetoa povu la kuridhisha.

Vidonda vilikauka. Siku ya sita palikuwa na vinywele vipya, vifupi na laini, na mama alikuwa akivigusa kila alipodhani simwoni.

Wanawake wa mtaa walikuja kuhani msiba na kuondoka na vichwa vilivyooshwa. Walimpa mama pole ya kufiwa na nafsi yake, wakakaa mkekani, halafu mmoja mmoja wakaulizia kama maji yale yamebaki. Yalipokwisha, wakaulizia kitu kingine. Mke wa Mzee Mshangama ndiye aliyeuliza wa kwanza, kwa kunong'ona: kufariki kunaombwa vipi, na ni lazima uende mwenyewe au unaweza kutuma mtu?

Wiki hiyo kata yetu ilipoteza wanawake tisa. Bwana Dachi alitoa pole mpaka sauti ikakauka.

Na hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya, kwa sababu wizarani yupo mtu ambaye kazi yake ni kulinganisha majani na makaburi. Majani yalikuwa yametoka vifurushi kumi na makaburi hayakuongezeka hata moja. Waraka ukashuka. Ulisema kwamba kila kifurushi kiambatane na kaburi lililofunikwa, na kwamba ili kuondoa utata, Naibu Waziri wa Nywele, Mheshimiwa Dokta Makungu, atahudhuria mwenyewe maziko ya kwanza. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa nakala ya waridi ya Bi Arafa. Siku ni Jumamosi, saa nne asubuhi.

*

Ijumaa nilirudi Dirisha Namba Nne. Safari hii niliyaandika maneno yangu kwenye karatasi na kuisukuma chini ya kioo. Bwana Dachi alisoma mara mbili, uso ukambadilika, akafunga pazia la dirisha na kuniita ndani.

Alinieleza kwamba njia ya kumrudisha marehemu ipo, kwa sababu serikali imefikiria kila kitu. Inaitwa Kipimo cha Povu. Marehemu anaoshwa hadharani kwa Mng'aro, chupa nzima badala ya kifuniko, kwa kuwa wafu ni wazito kuitikia. Povu likifika masikioni, yu hai. Aliyetoa taarifa ya uongo atakwenda kujaza chupa kiwandani miaka mitatu. Nikamwambia kwamba chupa nzima itamuua. Bwana Dachi akakubali kwamba inawezekana, ila atakuwa amekufa akiwa hai kisheria, na hiyo ni hatua.

Nikamuuliza itakuwaje asipopimwa. Akasema basi atazikwa. Nikamkumbusha kwamba mama anapumua. Akachomoa kitabu cha sheria, akatafuta kifungu, akanisomea. Sheria inasema azikwe marehemu. Haisemi popote kwamba awe amekufa.

Aliniuliza kama mama angeweza kuingia kaburini kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya saini. Halafu akasikia mwenyewe alichokisema, akavua miwani na kuificha sura yake kwa mikono. Aliniambia yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, na angefuta kama kalamu ingekuwa yake. Nikamwambia pole. Akasema asante.

Nyumbani nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: akizikwa, mimi nitafungwa? Nikasema hapana, akizikwa hakuna mwenye kosa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizia njia na kuelekezwa, akaenda kupiga pasi kanga yake nzuri.

*

Jumamosi makaburini kulikuwa na zulia jekundu, spika mbili na kikosi cha ngoma cha kiwanda. Wanawake waliagizwa kuhudhuria, maana msiba ulikuwa wa nywele. Marehemu wote tisa waliobaki walikuja, wakakaa nyuma na mitandio imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mama alikaa mkekani mstari wa mbele, na mimi ubavuni mwake.

Mheshimiwa Dokta Makungu alisimama kwenye kipaza sauti akiwa na kofia yake. Katika nchi yetu hakuna aliyewahi kuona waziri bila kofia, na magazeti huandika kwamba ni unyenyekevu.

"Ndugu wafiwa," akaanza, "marehemu Bi Arafa alikuwa na kichwa kimoja tu, kama mimi, kama ninyi. Lakini hakukiweka nyuma. Alikitoa chote kwa taifa lake. Wako watu wenye vichwa vikubwa ambao hawajatoa hata povu la kujaza kiganja. Yeye kila asubuhi alifika masikioni. Nimeyasoma madaftari, ndugu zangu, na nimelia. Leo adui zetu wanasema watu wetu wanakimbilia kufa kwa sababu ya majani. Nasema, huyu hapa shahidi. Muulizeni kama aliwahi kulalamika."

Mama alikuwa akifuatilia kwa makini, akiitikia kwa kichwa mahali pa kuitikia. Alipotakiwa apumzike kwa amani alisema amina.

Vijana sita wakaagizwa kulinyanyua jeneza. Lilipanda mara moja mpaka juu ya vichwa vyao, na kwa adabu wakajifanya kuyumba. Mheshimiwa si mjinga. Akawaamuru walishushe na kulifungua. Ndani mlikuwa na kifurushi kitupu cha majani, kimekunjwa vizuri, ili hesabu iwe kamili.

Mheshimiwa akauliza kwenye kipaza sauti, marehemu yuko wapi?

Mama akasimama. Akajitengeneza kanga, akaomba radhi kwa kumchelewesha Mheshimiwa na wageni wake, akasema ni yeye.

Afisa wa sheria akafungua kitabu na kusoma kifungu kwa sauti, kwa ajili ya spika. Upande wa kushoto palikuwa na kaburi. Upande wa kulia waliweka beseni na chupa mpya ya Mng'aro, kizibo hakijafunguliwa. Marehemu alikuwa na uhuru kamili wa kuchagua, alisema, kwa kuwa hii ni nchi huru.

Mama hakuitazama chupa. Alinitazama mimi, kwa muda kama wa mtu anayehesabu mistari ya kusuka, akanitengeneza ukosi wa gauni langu. Kisha akatembea kuelekea kushoto. Alipofika ukingoni aliwapa pole wachimbaji kwa kazi na jua. Akavua viatu, akavipanga pamoja. Vijana wawili wakamshika mikono wakamteremsha polepole, nao walikuwa wanalia, na alipokuwa ameshakaa mle chini tulimsikia akiwaomba kwamba, kama haitakuwa usumbufu, udongo wasiuanzie kichwani, ndiyo kwanza kimepona.

Taratibu zetu zinataka mtoto wa marehemu aanze. Afisa akanishika kiwiko, akanisogeza ukingoni, akaniwekea udongo kwenye kiganja. Ulikuwa na ubaridi. Chini niliviona vile vinywele vipya. Mama aliniinulia uso na kunifanyia ishara kwa macho nifanye haraka, watu wana kazi zao.

Mheshimiwa akakumbuka kwamba ratiba ina kipengele cha neno la familia. Akaagiza kipaza sauti kiletwe kwangu, akasema binti atoe shukrani, kwa ufupi.

Mtu akakishika mbele ya mdomo wangu. Spika zote mbili zikatoa pumzi yangu makaburini kote. Watu wakainamisha vichwa kusubiri asante, na mimi nilikuwa nayo tayari, ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikafungua kiganja, udongo ukaanguka miguuni mwangu, upande wa huku.

"Siku ile sikuja dirishani kwa sababu mama amekufa," nikasema. "Nilikuja kwa sababu mnamuua."